Mpangaji wa Dashibodi

Gari langu dogo lilikuwa na kasoro moja, na kasoro yenyewe ilikuwa kiti cha abiria wa mbele. Kilikaa chini mno. Mwenye magoti mazima hutumbukia humo na kutoka bila kufikiri, lakini mama yangu, ambaye nyonga yake ya kushoto ilishamgomea, akiketi pale ilibidi avutwe kama ndoo kisimani. Kiti cha nyuma ndiyo usiseme, mguu wake haukunjiki kupita pale. Mara ya mwisho nilimvuta mbele ya hospitali. Alinikaba shingo, akapiga ukelele, na mlinzi akaja mbio akidhani bibi wa watu anaporwa. Tangu siku hiyo mama akatangaza kwamba gari lile ni la kubebea vitambaa vyangu vya dukani, si la kubebea binadamu, akawa anakwenda kliniki kwa bajaji.

Bajaji ingetosha kama shida yetu ingekuwa kliniki tu. Shida ilikuwa Ubena. Huko, mbele ya Chalinze, ndiko aliko mama mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa na mkulima akiwa binti mdogo, akatoka kwenye nyumba yetu ya mji mkongwe hapa Bagamoyo na kwenda kujifunza kushika jembe. Kati ya watoto wote wa bibi wamebaki hao wawili. Hupigiana simu kila siku baada ya alasiri, husimuliana walichopika, kisha hugombana kuhusu jambo lililotokea walipokuwa wasichana, kisha huagana kwa dua ndefu. Nikirudi dukani nakuta mama bado anacheka peke yake.

Halafu mazungumzo yakabadilika. Mama mkubwa alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa zitachelewesha tu, hazitaponya. "Mdogo wangu," nilimsikia akisema siku moja, kwa maana mama huweka simu kwenye spika mtaa mzima ufaidi, "nyuso za watu naziona kama ziko nyuma ya chandarua. Njoo ningali nakuona." Yeye mwenyewe hakuweza kuja. Mumewe amelala na kiharusi, na hamwachi kwa mtu hata usiku mmoja. Na mama alikuwa hajamwona dada yake tangu nyonga ilipoharibika. Basi jukumu likawa langu, nami nikishapewa jukumu huwa sina subira. Nyumbani husema nilizaliwa saa sita mchana wa kiangazi.

Nilikwenda Dar kwenye mitaa ya spea, nikapata kiti cha gari la aina ileile kama langu, ila toleo la wenye nacho. Ubavuni kina kitufe. Ukikibonyeza kiti kinapanda chenyewe, ukibonyeza upande wa pili kinashuka. Kilinuka kuvu, kama godoro lililonyeshewa, lakini nilijiambia harufu si ugonjwa. Vijana wa pale wakafungua cha zamani, wakafunga kipya, wakaunganisha umeme, huku wamewasha redio ya gari langu na kuimba kwa sauti kubwa kuliko ya mwimbaji. Niliipenda furaha yao. Sikujua kuwa ile redio ndiyo itakayoniponza.

Nikiwa njiani kurudi, maeneo ya Mapinga, nikaona taa nyekundu kwenye dashibodi: kijitu kimeketi, mbele yake kuna duara. Nikadhani ni taa ya mkanda. Nikaufungua mkanda, nikaufunga tena, kijitu kikabaki palepale. Nikaendelea na safari kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mama.

Mama aliketi kitini bila kuvutwa na bila kukaba mtu. Akabonyeza kitufe. Kiti kikanguruma kidogo, kikamshusha. Akabonyeza tena, kikampandisha. "Subhanallah," akasema, akarudia, akapanda na kushuka mpaka majirani wakatoka. Mmoja akauliza nauli ni kiasi gani, mama akamjibu kwamba watu wa hadhi yake hawapandishwi humu. Nilisimama uani nikicheka, nikajiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa mwambao. Kisha mama akainamia dashibodi.

"Na huyu nani?"

"Nani?"

"Huyu mwekundu, aliyepakata tenga."

"Ni taa tu, mama."

"Taa tu!" Akaanza kuitafuta bakora yake. "Baba yako, Mungu amrehemu, kaendesha lori la Tanga mpaka kastaafu, na siku zote akisema taa haiwaki bure. Chombo kinakwambia hakiko tayari, wewe unakiambia twende?"

Akashuka, tena kwa urahisi mkubwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alipofika barazani akageuka. "Huyo mpangaji wako akihama, niite. Tutakwenda Ubena bila kukawia."

Hivyo ndivyo taa ilivyopata jina.

Nikalipeleka gari kwa fundi umeme mmoja ambaye karakana yake iko Dunda. Tulisoma naye shule ya msingi, tukakaa dawati moja, na mpaka leo hatujaacha kuzozana. Ni fundi mzuri mwenye maneno mengi; ukimpelekea gari unarudi na gari na hadithi. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, ile ambayo wenyewe huiita kompyuta, akaitazama, akatikisa kichwa kama daktari anayengoja umuulize.

"Eabegi," akasema. "Ya kiti chako kipya. Humu ubavuni mwa kiti mna mfuko umekunjwa. Gari likigongwa kwa pembeni unafumuka, unajaa hewa, unamkinga abiria. Waya wake ni huu, unaunganishwa kwa soketi ya njano hapa chini ya kiti. Sasa gari linasema huo mfuko haulioni."

"Hauonekani na gari, unataka kusema."

"Mwalimu wa Kiswahili amefika. Haya, hauonekani. Naweza kuweka risista hapa, kidude kidogo tu, gari lidanganyike kwamba mfuko upo. Taa itazimika sasa hivi."

"Na mfuko?"

"Mfuko hautafanya kazi. Lakini taa itazimika."

"Yaani mgonjwa analia, wewe unamziba mdomo, halafu unatangaza amepona."

"Wateja wengi wanapenda hivyo."

"Mimi si wateja wengi. Hapo atakaa mama yangu."

Akakuna kidevu, akajilaza chini na kuanza kufuata waya kwa vidole. Baadaye akaniuliza kama wale vijana wa Dar waliwasha chochote wakati kiti kimetolewa. Nikamwambia waliwasha redio na kuimba beti zote. Akapiga paja. Swichi ya gari ikiwa imefunguliwa na ile soketi ya njano imechomolewa, akasema, gari huandika kosa na halisahau, hata ukirudisha kila kitu mahali pake, mpaka lifutwe kwa mashine. Gari lilikuwa limenuna tu. Akachomoa kichwa cha betri, akangoja, akaibana soketi mpaka ikalia, akarudisha betri, akafuta kosa.

Nilipofungua swichi kijitu kikatokea. Nikafungua mdomo nimtukane fundi, lakini kabla sijapata neno zuri kijitu kikazimika.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema kwa majivuno. "Kila ukiwasha lazima atokee kwanza, ajikague, kisha aondoke zake. Siku asipotokea kabisa, hapo ndipo uogope."

Nikampa mama habari hizo, naye akazipenda sana. Mpangaji anayepiga hodi, akatazama usalama wa nyumba na kuondoka, alisema, huyo ni mstaarabu kuliko ndugu wengine. Tukapanga kwenda Ubena Jumamosi. Mama mkubwa akapewa habari, na kwenye simu nikamsikia akimpigia kelele mtu amkamatie jogoo.

Mama akaanza maandalizi yake, na maandalizi ya mama yote huanza na udi. Anaupika mwenyewe: sukari, vipande vya udi, marashi ya mawaridi, ambari, na kitu kimoja asichomwambia mtu. Bibi aliwafundisha yeye na dada yake kwenye sufuria moja, na hapa mjini hakuna nyumba nyingine yenye harufu ile. Kila Alhamisi alasiri hufukiza nyumba nzima ili Ijumaa iingie ikute kwetu kunanukia. Chetezo huzunguka vyumbani, huingia chini ya vitanda, na nguo hutandazwa juu ya kikapu kilichofudikizwa, moshi upande kutoka chini. Mimi nimekulia humo. Pua yangu haiusikii tena udi wa mama, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani kwake.

Ijumaa asubuhi nikawasha gari niende dukani. Kijitu kikatokea, nikasubiri kiondoke. Hakikuondoka. Nikazima, nikawasha. Kimekaa, kimepakata tenga lake.

"Katoka?" mama akauliza kutoka barazani.

"Karudi."

"Na mizigo yake?"

Sikucheka. Jogoo wa Ubena akafunguliwa kamba.

Jumatatu fundi akasema soketi imelegea kwa mtikisiko wa barabara. Akaisukuma, akaibana kwa kamba ya plastiki, akafuta kosa. Nikaendesha wiki nzima, sokoni, dukani, mpaka Mlingotini na kurudi, kijitu kinatokea na kuondoka kwa adabu. Ijumaa asubuhi kikakaa. Wiki iliyofuata fundi akasema ni chumvi ya bahari, sisi watu wa pwani vyuma vyetu havina maisha. Akapuliza dawa ya kusafishia, akafuta kosa, akaapa. Ijumaa kikakaa. Wiki nyingine akasema ni panya. Nikamwambia panya gani anayetafuna Alhamisi tu, ana mfungo siku nyingine?

Huku nyuma simu za Ubena ziliendelea, na hizo ndizo zilizokuwa zikinikondesha. Siku moja mama mkubwa alisema, akicheka, kwamba amemimina chai pembeni ya kikombe. Siku nyingine alimsalimia mgomba akidhani ni jirani. Alicheka sana na mama alicheka naye, lakini simu ilipokatika mama alikaa ameishika mapajani. Kisha ikaja alasiri ambayo nilirudi mapema nikakuta simu iko sikioni kwa mama, haiko kwenye spika. Aliponiona akasema nitakupigia, akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Mtu aliyeishi na mama yangu angejua kwamba hilo si jambo la kawaida. Mimi nilikuwa na hasira na gari, sikuliwazia.

Usiku wa Ijumaa ya pili baada ya hapo, kijitu kikiwa kimekaa tena, nilikosa adabu. Nilimwambia mama kwamba nusu ya magari ya nchi hii yanatembea na taa zimewaka kama harusi, kwamba tupande twende, kwamba dada yake anapofuka wakati sisi tunamngoja kijitu.

"Unadhani sijui?" akasema taratibu. "Lakini wewe ndiwe utakayekuwa usukanini. Nikuue wewe niende nikamwone yeye?"

Nikaingia chumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na asubuhi nilikuwa Dunda kabla fundi hajafungua.

"Kosa ni lilelile, waya uleule," akasema, akifuta mashine yake kwa shati. "Wiki nzima halipo, Ijumaa lipo. Dada, nikwambie ukweli? Hili gari lina kitu cha Ijumaa. Mtafuteni shehe alisomee."

"Wewe sayansi ulifeli mbele ya macho yangu. Toa kiti."

"Kiti chote?"

"Chote. Kitoe nje nikione chini."

Akafungua nati, akakitoa, akakilaza kwa mgongo juu ya gunia. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu darasa la kwanza: akanyamaza. Nikainama pembeni yake. Soketi ya njano, ambayo wiki zote hizi alikuwa akiipapasa kwa vidole bila kuiona vizuri, ilikuwa imelegea upande mmoja na kujikunja, kama mshumaa uliowekwa karibu na jiko. Kwenye zulia la gari palikuwa na majivu kidogo na punje ya mkaa. Akaiokota ile punje, akainusa. Akainusa soketi. Akaketi juu ya tairi, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Wallahi," akasema, "hapa pananukia harusi. Kwenu nani anafukiza?"

Nikaichukua ile punje ya mkaa mkononi mwake. Alhamisi. Kikapu kilichofudikizwa, chetezo chini, moshi upande.

Fundi naye akaacha kucheka ghafla. Akanieleza kwamba mfuko ule haujai hewa kwa pampu, unafumuliwa kwa baruti kidogo iliyofungiwa ndani ya kiti, na mama yangu amekuwa akiweka makaa ya moto chini yake kila wiki. Joto lilikuwa linailegeza plastiki na pini zinaachana. Yeye Jumatatu anazisukuma zinashikana. Alhamisi mama anarudi na chetezo chake. Nikakaa kwenye tairi la pili.

"Kikulacho," akaanza.

"Usimalizie," nikamwambia.

Nilimkuta mama barazani akichambua mchele. Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema kwa upole, lakini upole ukaishia mlangoni.

"Mama, Alhamisi huwa unalifukiza gari?"

"Nisilifukize lina nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wiki zote wewe na fundi wako mnapigiana kelele, mara chumvi, mara panya. Mimi nimekaa hapahapa, hakuna aliyeniuliza hata nimeamkaje." Akatupa jiwe la mchele uani. "Kiti chenyewe kinanuka kuvu. Nikakifanya kama nguo. Ukirudi dukani ukaingia kuoga, mimi chetezo juu ya sinia, nikakisukuma chini ya kiti, nikafunga milango, nikasoma aya zangu. Kosa langu liko wapi?"

Nikamweleza. Soketi, pini, baruti. Aliposikia baruti aliweka ungo chini. Midomo ikawa inacheza, nikadhani anasoma dua.

"Kwa hiyo huyu mpangaji," akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyekuwa nikimkaribisha."

"Kila Alhamisi. Kwa udi na marashi."

Akaanza kucheka. Mama akicheka hushika nyonga kwa maumivu, na maumivu humzidishia kicheko, nami nikaambukizwa, tukacheka pale mpaka machozi. Ila machozi yake yaliendelea kicheko kilipokwisha. "Na dada yangu kakaa ananingoja," akasema. "Ananingoja mimi, na mimi ndiye ninayejifungia njia." Nilikaa chini miguuni pake nikamshika mikono. Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha, nilichokuwa nacho ni mapenzi tu.

Dakika chache baadaye alifuta macho kwa pindo la kanga na kuniambia, kana kwamba hatukuzungumza lolote, kwamba hata hivyo gari lazima linukie udi.

"Mama!"

"Siendi Ubena bila udi. Nina sababu yangu."

Fundi alikuja mwenyewe nyumbani kufunga soketi nyingine, aliyoikata kwenye gari bovu pamoja na waya wake. Akaunganisha, akafunika, akafuta kosa, na mama aliyekuwa amesogezewa kiti pembeni akamsimamia kazi yote kama mkaguzi. Alipomaliza, mama akamuuliza kwa heshima kabisa, "Mwanangu, sasa nifukizie wapi?" Fundi akafikiri. Akamwambia afukize kanga huko uani, mbali na gari, kisha aikunje na kuikalia. Ila asiufunike ubavu wa kiti, maana mfuko hutokea hapo. Mama akaona ni jibu la mtu aliyelelewa. Akamfungia udi kwenye karatasi ampelekee mkewe.

Alhamisi ikaja, mama akafukiza kanga zake nje, chini ya mwembe wa jirani akidai ndiko upepo umetulia, na mimi nikalinda gari kama askari. Ijumaa asubuhi nikafungua swichi. Kijitu kikatokea, kikajikagua, kikaondoka. Nikatoka mbio mpaka barazani kumkumbatia mama, na ungo wa mchele ukamwagika.

Jumamosi tukaondoka bila kumwambia mama mkubwa. Tumeshamvunja moyo mara nyingi, mama alisema, tumfikie tu. Alikuwa amevaa buibui lake jipya na ameketi juu ya kanga zilizokunjwa, kiti kimepandishwa mpaka mwisho, kichwa kinakaribia kugusa paa. Alisoma mabango yote kwa sauti. Kiwangwa tulisimama, akachagua mananasi kwa kuyagonga vidole na kuyakataa mengi kuliko aliyoyakubali, bila hata kushuka. Msata akataka chai. Chalinze akataka tusimame tena, si kwa haja yoyote, bali kwa kuwa kushuka na kupanda kulikuwa kumekuwa raha. Miaka ile yote nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ni mtu wa safari. Niliendesha huku nimejaa furaha mpaka nikawa nawapungia mikono madereva wa malori.

Tulipoingia uani Ubena, mama mkubwa alikuwa ameketi mkekani akipukuchua mahindi. Alisikia gari, akainua uso kuelekea kwetu, akaita kwa sauti ya kumkaribisha mgeni asiyemjua, "Karibu! Nani huyo?" Macho yalikuwa wazi na yalitutazama moja kwa moja. Ndipo nilipoelewa ile simu iliyokuwa sikioni. Nikafungua mdomo nijibu, mama akanibana mkono ninyamaze.

Akafungua mlango wake. Joto la njiani lilikuwa limezichemsha zile kanga, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, niliusikia udi wa nyumbani kwetu kama mgeni anavyousikia. Ulimwagika uani. Mikono ya mama mkubwa ikasimama juu ya gunzi. Akageuza uso kidogo, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Udi wa mama," akasema. Kisha akaliachia gunzi na kusimama. "Mdogo wangu! Mdogo wangu amekuja!"

Mama alikuwa anabonyeza kitufe kiti kimshushe, lakini kiti kile hakina haraka na mtu, akakiacha nusu ya safari na kujishusha mwenyewe bila bakora. Dada yake alikuja na mikono mbele. Walishikana katikati ya ua, juu ya mahindi yaliyomwagika, wakalia na kucheka na kuanza papo hapo kugombana nani aliyenenepa. Mama mkubwa akawa anampapasa uso mdogo wake, paji, mashavu, pua, na kumwambia umezeeka, na mama akamjibu wewe ndiye usiyeona vizuri.

Baadaye, tukiandaa mananasi, mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba macho yale yalizimika kabisa wiki kadhaa nyuma. Dada yake alimkataza kuniambia, nisije nikaendesha kwa kiherehere. "Mara ya kwanza nilifukiza kwa ajili ya kuvu," akasema. "Baada ya hapo nilifukiza kwa ajili yake. Nilikuwa najaribu ni udi kiasi gani utafika kwake kabla sijasema neno." Nilikata nanasi mpaka vipande vikawa vidogo kama punje.

Jogoo alipokwisha kuliwa, mama mkubwa akataka kukijua kiti kinachopanda. Mama akasema nimpeleke mpaka barabara kuu na kumrudisha, yeye atabaki na shemeji yake. Tukamketisha, nikauongoza mkono wake kwenye kitufe, akapanda na kushuka huku akipiga vigelegele. Nilipotaka kuondoka mama akagonga kwa bakora. Alikuwa amesimama dirishani, mkono wake umeshika bega la dada yake.

"Usiondoke kwanza," akamwambia. "Humu mna mpangaji. Kijitu chekundu kimepakata tenga. Kinatokea, kinakagua, kikiridhika kinaondoka. Kikikaa, shuka."

"Kitanisalimia?" mama mkubwa akauliza.

"Hakina adabu hiyo."

Nikafungua swichi. Kijitu kikatokea. Mama mkubwa alikuwa ameinua kidevu, macho yake wazi kuelekea dashibodi, anasubiri kama mtu mwingine yeyote. Mama akaingiza kichwa dirishani kukitazama.

"Keshatoka?"

"Bado, dada. Ngoja." Akakaza macho. "Ngoja kidogo. Haya, katoka."

"Basi twende," akasema mama mkubwa.